Kijiwe, Baraza na Uzio: Nani Analindwa Katika Jiji la Dodoma?

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo kila mpanga miji angepaswa kuyatafakari kabla ya kuchora mstari wake wa kwanza. La kwanza ni kijiwe. Kwa asili ni jiwe dogo. Mitaani ni mahali ambapo watu huketi, husubiri abiria au kazi, na kubishana kuhusu mpira na siasa. La pili ni baraza. Katika miji ya pwani, baraza ni kile kiti kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba, ambapo mwenyeji huketi na majirani na wapita njia. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa Baraza la Mawaziri, Baraza la Madiwani na Baraza la Wawakilishi. Kwa Kiswahili, basi, chombo kinachoamua mambo ya watu na mahali anapoketi mpita njia vina jina moja. Waliotuachia lugha hii walijua kuwa mashauri huanza pale watu wanapopata pa kukaa.

Ninayakumbusha haya kwa sababu makao makuu ya nchi yetu yanajengwa kwa kasi, na katika ujenzi huo tumezoea kuhesabu kilomita za lami, idadi ya ghorofa na idadi ya taa. Ni nadra kuhesabu mahali pa kuketi. Ni nadra zaidi kuuliza swali hili: kati ya mwananchi aliyesimama kando ya barabara na gari linalopita, tumeweka nini?

Hoja yangu ni moja. Kile tunachokiweka mtaani kwa ajili ya kumlinda mtu, na kile tunachokiweka kwa ajili ya kumkaribisha, kinaweza kuwa kitu kimoja, na pale inapowezekana kinapaswa kuwa kitu kimoja. Tukivitenganisha, huishia kwamba ulinzi unakwenda kwenye majengo na ukaribisho unabaki kwenye hotuba, huku mwenye nchi akisimama juani, kando ya lami, bila kimoja wala kingine.

Wataalamu wa miji huzungumzia samani za mtaa, wakimaanisha vitu vyote vidogo vinavyosimikwa mahali pa wazi kwa matumizi ya umma: viti, vibanda vya kusubiria daladala, nguzo fupi za kuzuia magari, taa, mapipa ya taka, mabomba ya maji ya kunywa, vyungu vikubwa vya miti. Jina hilo lina busara ndani yake. Hakuna mwenyeji anayemwingiza mgeni katika sebule isiyo na kiti kisha akadai kuwa amemkaribisha. Mtaa ni sebule ya mji. Ukiwa mtupu, hata uwe na lami nzuri kiasi gani, unamwambia anayepita kwa miguu kwamba hapa si pake, apite upesi.

Dodoma haikuanza na fikra hiyo. TANU iliamua kuhamishia makao makuu hapa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile tuliyoizoea kwa kifupi cha CDA. Mpango kabambe wa kwanza, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulitoka mwaka 1976. Haukuwa mpango wa jiji la majumba ya kujionyesha. Ulikusudia mji wa kijamaa wenye vitongoji ambavyo mtu angevizunguka kwa miguu, na ulimpa mwenda kwa miguu, mwendesha baiskeli na abiria wa basi nafasi ya mbele kuliko gari binafsi. Tunaweza kubishana kuhusu mengine mengi yaliyomo katika mpango ule, lakini katika hili ulikuwa umemwona mwananchi.

Kisha miaka ikapita polepole, na baadaye ikaja kwa kishindo. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hilohilo. Katika muda wa miaka kumi tumekaribia kuwa mji mara mbili. Watu hao wapya hawakuja wote na magari. Wengi wao asubuhi hutoka Nkuhungu, Chang'ombe, Kizota au Ipagala kwa miguu hadi barabara kubwa, husimama, husubiri daladala, hupanda, hushuka, na husimama tena. Sehemu kubwa ya maisha yao ya mjini hupita katika mita mbili za vumbi zilizopo kati ya lami na mtaro.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alikosa vipindi kwa wiki saba. Aliporudi alikuja na magongo mawili. Alikuwa amesimama kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pamoja na watu wengine kama kumi, pikapu iliyobeba mabati ilipoacha barabara na kuwafuata. Yeye alivunjika mguu mahali pawili. Mama aliyekuwa akiuza uji na chapati pale alimwagikiwa na sufuria lake mwenyewe. Kwa bahati hakuna aliyefariki. Kilichofuata kilikuwa kile tunachokijua sote: simu zilipiga picha, vipimo vikachukuliwa, dereva akalaumiwa, breki zikalaumiwa, na mwisho ikasemwa kuwa ni mipango ya Mungu.

Sikusikia mtu akikilaumu kituo. Kituo chenyewe kilikuwa ni kibao juu ya nguzo ya chuma. Hakikuwa na kivuli, hakikuwa na kiti, hakikuwa na ukingo uliokiinua juu ya barabara, na hakikuwa na chochote kilichomtenganisha anayesubiri na gari linalokuja. Tulikuwa tumewaambia watu kumi wasimame mahali ambapo gari likipoteza mwelekeo lingewakuta, kisha tukamwachia dereva na Mungu kazi iliyobaki.

Wiki mbili baadaye vijana wa bodaboda wa kituo kile walivingirisha mawe matatu makubwa kutoka kwenye kiwanja kilichokuwa kikichimbwa msingi, wakayapanga ukingoni, kati ya watu na lami. Nilipita pale nikamuuliza mmoja wao ni ya nini. Alinijibu: "Mwalimu, hapa tunakaa, na gari likija, lianze na jiwe." Sijapata kusikia nadharia ya usanifu wa miji iliyoelezwa kwa maneno machache kiasi hicho. Kijiwe kilikuwa kimerudi kwenye maana zake zote mbili kwa pamoja.

Mawe yale hayakudumu. Siku moja hayakuwapo. Yaliondolewa kwa kuwa yalikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kisheria, aliyeyaondoa alikuwa kazini. Lakini hakuna kilichowekwa mahali pake. Sheria ilikuja kuondoa kinga ya wananchi, ikasahau kuleta ya kwake.

Rafiki yangu mmoja mhandisi, nilipomsimulia kisa hiki, alinipa tahadhari ambayo ni haki niitaje. Jiwe gumu kandokando ya barabara ya mwendo wa kasi, alisema, linaweza kumuua dereva ambaye kosa lake ni kuteleza tu; na jiwe lisilo na msingi likigongwa na gari zito linageuka kuwa kombora. Ndiyo maana kinga si suala la kutupa mawe popote. Kwenye barabara kuu, kinachofaa ni kingo za chuma zinazopinda na kumeza nguvu ya mgongano, na kituo kinachoingizwa ndani, mbali na njia ya magari. Katikati ya mji, ambako mwendo unapaswa kuwa mdogo, ndiko jiwe au nguzo yenye msingi ardhini inafanya kazi. Na vyote viwili vinategemea kitu cha tatu, yaani kasi yenyewe. Katika makazi yetu kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Nguvu ya gari linapogonga haipandi sambamba na kasi. Hupanda kwa kipeo cha pili. Gari la kilomita 50 kwa saa lina nguvu ya mgongano inayokaribia mara tatu ya lilelile likiwa kwenye kilomita 30. Tuta lililojengwa vizuri kabla ya kituo, kwa hiyo, ni sehemu ya kiti kilichopo kituoni.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba mambo madogo ya aina hii huokoa watu. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend liliendesha mpango uitwao SARSAI katika maeneo ya shule za msingi ambazo wanafunzi wake waligongwa mara kwa mara. Kilichofanyika kinaweza kueleweka na fundi yeyote wa mtaani: njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko, alama za barabarani, na nguzo fupi za kumtenganisha mtoto na gari. Matokeo yalifuatiliwa kitaalamu, na majeruhi wakapungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kwanza ya miji ya taasisi ya World Resources Institute, yenye thamani ya dola 250,000 za Kimarekani, mbele ya miradi ya miji mikubwa ya dunia. Dunia ilikuja kutupongeza kwa nguzo za zege na rangi nyeupe. Tukiwa na mfano huu nyumbani, kutokuufuata ni uamuzi. Hauwezi kuitwa ukosefu wa fedha.

Hadi hapa nimezungumzia ajali. Lakini neno ulinzi lina upande mwingine, na upande huo ndio unaotawala fikra za wajenzi wa makao makuu. Kizazi changu kilijifunza neno hilo Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, magari yenye mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam watu 11. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na nakumbuka walimu wakiwa wamekusanyika kwenye redio moja. Tangu siku ile, mbele ya majengo mengi muhimu ya Afrika Mashariki pameota vizuizi, mageti, mapipa yaliyojazwa zege, na walinzi wenye vioo vya kuchungulia chini ya magari. Sina sababu ya kuvidharau. Waliokufa wengi walikuwa wapita njia na wafanyakazi wa kawaida, watu wetu.

Hata hivyo, msiba ule ulizaa majibu mawili tofauti, na yote mawili yanaonekana Nairobi hadi leo. Jibu la kwanza lilikuwa kuuhamisha ubalozi kutoka katikati ya mji hadi Gigiri, na kuujenga nyuma ya kuta, mbali na barabara. Jibu la pili liko palepale ulipotokea mlipuko, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Pale pamekuwa bustani ya kumbukumbu, yenye miti na majina ya waliofariki, ambapo mtu aliyechoka na mji huweza kuketi. Ninaelewa kwa nini ubalozi wa dola kubwa ulichagua jibu la kwanza. Lakini ofisi ya umma ya Tanzania, ambayo kazi yake ni kumpokea Mtanzania, haina maadui wa aina ile mlangoni pake kila asubuhi. Ina wajane wanaofuatilia mirathi, wastaafu wanaofuatilia mafao, na vijana walioshika bahasha za kaki.

Hao ndio niliowakuta nje ya geti la ofisi moja ya umma hapa jijini, mwezi wa Oktoba, saa saba mchana. Uzio ulikuwa mpya na imara. Ndani kulikuwa na maegesho yenye paa la kukinga magari jua. Nje, watu wapatao ishirini walikuwa wakisubiri kuitwa, wameketi kwenye ukingo wa mtaro, migongo barabarani, miguu ndani ya mtaro mkavu. Bibi mmoja alikuwa amejifunika kichwa kwa faili lake. Magari yalipita nyuma yao kwa umbali ambao ningeweza kuugusa kwa mkono. Gari lililoegeshwa lilikuwa na kivuli na ulinzi. Bibi hakuwa na kimoja wala kingine. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa chini akaamua iwe hivyo. Ndivyo inavyokuwa pale ulinzi unaposanifiwa kwa swali la "nani asiingie" pasipo kuuliza "nani anakuja".

Wanafunzi wangu wengi ni mashabiki wa Arsenal, kwa hiyo huwa ninawapa mfano wa uwanja wa Emirates jijini London. Mbele ya uwanja huo kuna herufi kubwa za zege zinazoandika jina la timu. Mashabiki hupiga nazo picha, hupanda juu yake, huketi wakisubiri wenzao. Herufi zile ni kizuizi. Zimewekwa pale ili gari lisiweze kuvamia umati siku ya mechi. Umbali kati ya herufi na herufi unampitisha mtu na kulizuia gari. Anayeketi juu ya herufi hajui kwamba analindwa, na hana haja ya kujua. Jiji hilohilo limetoa pia mfano wa kinyume. Katika eneo la Camden, mwaka 2012, kilitengenezwa kiti cha zege kilichochongwa kwa mteremko na kingo za makusudi ili asiye na nyumba asiweze kulala juu yake. Kiti kimoja kilifikiriwa kwa ajili ya watu, kingine kilifikiriwa dhidi yao. Zege ni lilelile.

Lakini sisi hatukuhitaji kusubiri London. Baraza la Mji Mkongwe wa Zanzibar, mbali na kuwa kiti, ni njia ya kupitia: mvua kubwa inapogeuza vichochoro kuwa mito, watu hutembea juu ya mabaraza bila kulowana miguu. Huku kwetu uwanda wa kati, tembe la Mgogo lilijengwa kuuzunguka uwanja wa mifugo, hivi kwamba nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa boma. Ukuta uleule uliomzuia fisi ulikinga upepo, na uwanja uliokuwa katikati ulikuwa mahali pa watu kukutana. Wazee wetu hawakuwa na fedha za kujenga kitu kimoja kwa kazi moja. Sisi pia hatuna.

Je, samani za mtaa za Dodoma zingefananaje? Ningependa nieleze kwa mifano inayoshikika, kwa sababu mjadala huu ukibaki hewani haumsaidii afisa anayeandaa zabuni.

Kwanza, jiwe. Mji huu umezungukwa na vilima vya mawe ya matale, na pembezoni mwake wapo akina mama na vijana wanaoishi kwa kupasua mawe na kuponda kokoto. Mita moja ya ujazo ya jiwe hilo ina uzito unaozidi tani mbili na nusu. Kiti cha jiwe chenye kimo cha sentimita 45, kilichozamishwa kwenye msingi wa zege, kinamtosha mzee kuketi na kinatosha kulizuia gari dogo la mtaani. Hakihitaji rangi kila mwaka. Tena hakiibiwi, tunajua yaliyovipata vifuniko vya chemba na vibao vya barabarani katika zama hizi za vyuma chakavu.

Pili, nafasi. Uwazi kati ya kiti na kiti, au nguzo na nguzo, ukiwa mita 1.2, kiti cha magurudumu kinapita, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi anapita, lakini bajaji, yenye upana wa takriban mita 1.3, haipiti. Hapa pia kuna suala la haki. Tangu mwaka 2010 tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na sheria hiyo inataka maeneo ya umma yafikike. Kizuizi kinachomzuia gari na mlemavu kwa pamoja ni kizuizi kibovu.

Tatu, kivuli. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua na miezi mingi ya jua kali, na wakati wa kipupwe upepo wa kusini-mashariki huleta baridi na vumbi. Kiti cha chuma kisicho na kivuli hakikaliki saa saba mchana. Mwarobaini unastahimili ukame wetu, na watu wa mji huu wanaujua. Upandwe upande wa magharibi wa kiti, ili ukinge jua la alasiri, ndani ya duara la mawe linaloulinda dhidi ya mbuzi na magari. Mti ukishakua, shina lake ni nguzo nyingine.

Nne, mtaro. Mitaro yetu ni mirefu na iko wazi, na usiku ni mtego. Mtaro uliofunikwa kwa slabu zinazoweza kuinuliwa wakati wa kusafisha ni njia ya waenda kwa miguu iliyopatikana bila kuchukua ardhi ya mtu. Tano, taa. Iangazie mahali watu wanaposimama. Nyingi tulizonazo zinaangazia lami. Dada anayeshuka daladala saa tatu usiku hahitaji kuona gari, kwa kuwa gari lina taa zake. Anahitaji kuona uso wa aliyesimama karibu naye.

Kuna mmoja ambaye samani hizi hazimzuii, naye ni mwendesha bodaboda. Pikipiki hupita popote kinapopita kiti cha magurudumu, na hakuna namna ya kumfungia mmoja bila kumfungia mwingine. Dawa yake, basi, haipo kwenye jiwe. Ipo katika kumpa kituo chake halali, chenye kivuli na kiti, mahali ambapo abiria wanapatikana, ili asiwe na sababu ya kupanda juu ya njia ya watu. Aliyepewa kijiwe hukilinda.

Najua pingamizi zitakazokuja. Itasemwa kwamba viti huleta wazururaji, na kwamba wamachinga watavivamia. Mwandishi wa Kimarekani Jane Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu uhai wa miji, alionyesha kuwa mtaa hulindwa kwanza na macho ya watu wa kawaida walio na sababu ya kuwapo pale. Muuza matunda, fundi viatu, mzee aliyeketi na gazeti: hao ndio walinzi ambao hakuna anayewalipa. Mtaa mtupu si mtaa salama. Kijana akiketi kwenye kiti cha umma tunamwita mzururaji. Mwenye fedha akiketi hotelini saa hizohizo tunamwita mteja. Tofauti yao ni bei ya soda. Kuhusu wamachinga, jiji limekwisha kuwajengea soko la wazi, na hilo ni jambo jema. Lakini mama mmoja mwenye beseni la ndizi kando ya kituo, akiacha njia wazi, ni sehemu ya usalama wa kituo hicho.

Kikwazo kikubwa zaidi ninakiona kwenye mgawanyo wa kazi. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa ni za TARURA. Miti na usafi ni vya Halmashauri ya Jiji. Nguzo za umeme ni za TANESCO, na mabomba ni ya DUWASA. Kila chombo kina sheria yake, bajeti yake na mhandisi wake. Anayesubiri daladala anasimama mahali ambapo mipaka ya hawa wote inakutana, na kwa hiyo hana mwenyewe. Barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3, imebuniwa ili kuyaondoa katikati ya jiji malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Hiyo ni fursa adimu. Barabara za ndani zikipumua, tutaamua kama nafasi iliyopatikana ni ya magari mengine, au ni ya watu.

Ninapendekeza jambo moja rahisi, ambalo halihitaji sheria mpya ya Bunge. Kila ofisi ya umma itakayoomba kibali cha kujenga uzio ijenge pia, nje ya uzio huo, baraza: kiti cha mawe chenye msingi, kivuli, bomba la maji na taa, kwa ajili ya wananchi wanaoisubiri. Kiwe ni kizuizi cha magari kwa ofisi na kiti kwa wananchi. Gharama yake, ikilinganishwa na ya uzio wenyewe, ni ndogo, na mlinzi wa geti atakuwa wa kwanza kushukuru.

Kwa wanafunzi wangu wanaosoma hapa: chukueni futi kamba, nendeni kwenye kituo mnachokitumia kila siku, mpime umbali kati ya mahali mnaposimama na mahali tairi linapopita. Andikeni namba hiyo. Kwa wanaharakati: namba hizo zipelekeni kwenye mkutano wa mtaa na kwa diwani wenu, kabla bajeti haijafungwa. Na kwa watumishi wa umma, ambao najua ni wengi miongoni mwa wasomaji wangu: siku mchoro wa barabara au jengo utakapofika mezani kwako ukisubiri saini, mtafute ndani yake mtu mmoja anayesubiri. Angalia atakaa wapi, atapata wapi kivuli saa saba mchana, na ni nini kilichosimama kati yake na gari. Usipompata, urudishe mchoro huo kwa aliyeuchora, hata kama mihuri mingine yote imekwisha kugongwa.